Rangi ya Kucha, Udhu, na Kijana Aliyetolewa Safuni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamhalalishia pambo kama alivyomhalalishia chakula. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu, waume kwa wake: katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita lilitokea jambo katika msikiti mmoja wa mji wetu wa Mombasa. Watu walilizungumza siku mbili tatu, kisha wakalisahau. Mimi sikuweza kulisahau, kwa sababu aliyefikwa nalo ni mtoto wa ndugu yangu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa ndani yake. Wenzangu wa darsa wamenitaka niliandike katika ukurasa huu, na kijana mwenyewe ameniruhusu kwa sharti nisimtaje jina.

Kijana huyu ni msichana wa miaka 17. Usiku huo alikwenda na mamake kusali Isha na Tarawehe. Walipokwisha kusimama safuni, mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima mwenye kuheshimiwa, aliona kucha za mkono wake wa kushoto zimepakwa rangi ya chanikiwiti iliyofifia, mfano wa jani changa la mgomba ambalo bado halijafunguka. Akamshika mkono huo, akauinua juu mbele ya wanawake wote, akasema kuwa mwenye kucha hizi hana udhu, na asiye na udhu hana sala, na atoke katika safu asije akawaharibia wenziwe. Msichana akatoka. Akaketi nje juu ya kizingiti, penye viatu, mpaka watu walipomaliza witri.

Mamake alinipa habari hii usiku ule ule kwa simu. Nami, badala ya kuuliza namna lilivyokuwa, nikajibu kwa haraka: "Mwalimu amefanya vyema. Mwache apate adabu." Nikalala. Tena nililala vizuri.

Wiki mbili baada ya Idi mama akanijia nyumbani, akaniambia ya kuwa mtoto hasali tena. Si msikitini tu, bali hata nyumbani. Akiamshwa alfajiri huitikia, kisha hugeukia ukutani. Hapo ndipo nilipomwita. Akaja, akanibusu mkono, akaketi kitako huku mkono wake wa kushoto ameuficha ndani ya buibui, ingawa kucha zilikuwa hazina kitu.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimeambiwa umeacha sala. Ni kweli?"

Akasema, "Ni kweli, ami."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu niliambiwa sina udhu, nami nilikuwa nao."

Nikamtaka anieleze. Akasema kuwa siku ile alitawadha kwa ajili ya Magharibi, akafuturu, akasali. Baada ya futari alitaka kuijaribu ile rangi aliyoinunua kwa ajili ya Idi, aone itampendeza au haimpendezi. Akapaka kucha tano tu, za mkono wa kushoto, apate kuzilinganisha na za mkono wa kulia. Udhu wake haukutenguka. Ilipoadhiniwa Isha akavaa buibui akafuatana na mamake kwa udhu ule ule wa Magharibi.

Ndugu Muislamu, yapime maneno haya kwa mizani ya sharia. Udhu hutenguliwa na mambo yanayojulikana, na kupaka kitu juu ya kiungo kilichokwisha kuoshwa si moja katika hayo. Mwenye kutawadha, kisha akatia rangi, kisha akasali kabla udhu wake haujatenguka, sala yake ni sahihi, kama ilivyo sahihi sala ya mwenye kutawadha kisha akajifunga kitambaa kidoleni au akavaa pete inayobana. Hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyesema kinyume cha haya. Basi yule mtoto alitolewa katika sala iliyokuwa sahihi, na aliyemtoa hakumuuliza hata neno moja. Nami, ambaye watu hunijia kuniuliza mas-ala ya dini, niliipitisha hukumu ile nikiwa juu ya mto wangu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari tunapoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Aya hiyo nimeisomesha mara nyingi.

Hayo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba mtoto huyu, pamoja na udhu wake, alikuwa na itikadi nyingine ambayo haikuwa sawa, nayo wameishika wasichana wengi siku hizi. Alinionesha kichupa chenyewe. Juu ya karatasi yake palikuwa na picha ya mwezi mwandamo na maneno ya kuwa rangi hii yapumua na yafaa kwa Waislamu. Aliyemuuzia dukani alimwambia apake na atawadhe juu yake bila ya wasiwasi, kwani maji hupita. Yeye akaamini. Na lau usiku ule udhu wake ungetenguka, angalitawadha juu ya rangi ile na kusali hivyo hivyo.

Basi mas-ala yetu ni haya: rangi hii yazuia maji au haizuii?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida, aya ya 6, ameamrisha kuosha nyuso, na mikono mpaka viwikoni, na kupaka maji vichwani, na kuosha miguu mpaka vifundoni. Ukucha ni sehemu ya kidole, na kidole ni sehemu ya mkono, basi kuuosha ni lazima. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kuwa mtu mmoja alitawadha akaacha mahali padogo mguuni, kadiri ya ukucha, hapakufikiwa na maji. Mtume (s.a.w.) akamuona, akamwamrisha arudi akautengeneze vizuri udhu wake. Tazama kipimo kilichotajwa: kadiri ya ukucha. Ikiwa mahali pa ukucha mmoja palimrudisha mtu, itakuwaje kucha kumi?

Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika kitabu chake Al-Majmuu ya kwamba penye kiungo pakiwa na nta, au unga uliokandwa, au hina yenyewe iliyoganda, ikazuia maji yasifike mahali po pote, pawe padogo au pakubwa, tahara haisihi. Lakini ikiwa hina imekwisha kubanduka na kubakia rangi yake tu, au ni alama ya mafuta ya maji maji ambayo maji yapita juu ya ngozi ingawa hayatulii, tahara yasihi. Mwanachuoni huyu alikufa zaidi ya miaka 600 kabla ya rangi hizi za vichupa kujulikana, lakini kanuni aliyoitaja yatutosha: hapaangaliwi rangi, huangaliwa kiwiliwili cha kitu. Rangi peke yake haina unene. Kinachozuia maji ni kile chenye unene.

Sasa natuangalie kitu chenyewe. Hina ni majani ya mhina. Maji yake huingia ndani ya ukucha na ngozi yakapatia rangi, kisha majani hukauka yakapanguswa, juu pasibaki kitu. Ama hii rangi ya vichupa, ambayo wengi wetu huiita cutex kwa jina la kampuni ya zamani, mambo yake ni mengine. Asili yake kubwa ni nitroselulosi, nayo hutengenezwa kwa pamba au mti uliotiwa katika tindikali kali. Hiyo huyeyushwa katika maji maji yanayoruka upesi, na ndiyo yenye ile harufu ya kupanda puani. Ikipakwa, yale maji maji huruka, na nitroselulosi hubaki juu ya ukucha kama utando mwembamba mgumu wenye kung'ara. Rangi za namna hiyo hiyo ndizo zilizokuwa zikipakwa magari katika miaka ya 1920, na kampuni ya Revlon ya Marekani ilianza biashara yake mwaka 1932 kwa kuuza rangi za kucha. Gari hupakwa rangi ili maji yasifike kwenye chuma. Ndiyo sababu rangi hii haitoki kwa maji wala kwa sabuni, illa kwa asetoni au kwa kukwaruzwa.

Watu watasema: hizo ni za zamani, na hizi mpya hupitisha hewa na maji. Ni kweli kuwa zimetoka za namna mpya. Mkemia mmoja wa Poland, Wojciech Inglot, aliyefariki mwaka 2013, kampuni yake ilitoa rangi ya kucha iliyosemwa kuwa yapitisha hewa na unyevu. Makusudio yake yalikuwa afya ya ukucha, si udhu wetu. Ni Waislamu ndio walioipokea habari ile wakaitia katika udhu, na baada yake makampuni mengi yakaona hapa pana wanunuzi, yakaanza kuchora mwezi mwandamo. Lakini kupitisha unyevu si sawa na kuosha. Mvuke ni kitu chembamba mno, hupenya mahali ambapo tone la maji halipenyi. Nguo ya mvua iliyofumwa vizuri hutoa jasho la mwili kama mvuke, wala mvua haiingii. Na kuosha, kama walivyoeleza wanavyuoni wetu, ni maji kupita juu ya kiungo chenyewe, si unyevu kukifikia baada ya saa nzima.

Sikutaka kumhukumia mtoto kwa maneno matupu mara ya pili. Nikamwambia alete kichupa chake tukijaribu. Tukachukua vipande vitatu vya karatasi laini ya kupangusia. Kimoja tukakiacha vivi hivi. Cha pili tukakipaka hina, ikakauka, tukaikwangua ikabaki rangi. Cha tatu akakipaka yeye mwenyewe ile chanikiwiti, mikono miwili, kama apakavyo kuchani, tukaiacha mpaka ikakauka kabisa. Chini ya kila kimoja tukaweka karatasi kavu, na juu tukatia tone la maji kwa kijiko. Kipande kitupu kilinyonya mara moja. Cha hina kilinyonya vile vile. Ama cha rangi, tone lilikaa juu yake kama umande juu ya jani la jimbi, likitetemeka kila tulipoigusa meza. Nikasoma Yasin nzima. Nilipomaliza, tone lingali pale pale, na karatasi ya chini ni kavu. Akalisukuma kwa kidole, kama mtu asuguavyo kiungo wakati wa kutawadha; likahama likaenda pembeni, na chini pakabaki pakavu.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ami, walinidanganya."

Nikamwambia kuwa sijui yaliyo moyoni mwa mfanya biashara, na huenda yeye naye aliambiwa akaamini. Wala sisemi kuwa kila kichupa duniani kiko kama hiki. Karatasi si ukucha, na yamkini kesho kitatoka kimoja ambacho maji yapita kweli kweli. Siku hiyo hukumu itabadilika, kwa sababu hukumu yafuata illa yake. Lakini mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na mwezi uliochorwa juu ya karatasi si ushahidi. Sisi watu wa darsa hii tumepigania miaka mingi kuwa Muislamu asifuate jambo kwa kuwa amewakuta wazee wakilifanya, bali aulize dalili. Je, twamkataza kumfuata mzee wake bila ya dalili, kisha tumruhusu amfuate mwenye kiwanda asiyejua hata idadi ya rakaa? Taklidi ya kichupa ni taklidi vile vile, na ni mbaya zaidi, kwa maana mzee angalau hakupata faida ya fedha.

Wako vijana wengine waliosoma kidogo, wao wana hoja nyingine. Husema: mtu akivaa khuffu, yaani soksi za ngozi, juu ya udhu, huruhusiwa kupangusa juu yake siku nzima; basi nami nikipaka rangi juu ya udhu nitapangusa juu yake. Hoja hii yaonekana nzuri, na aliyeitoa hakukosa akili. Lakini jawabu yake imo ndani ya hadithi ile ile ya khuffu, ukiisoma yote.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Mughira bin Shuuba (r.a.) kuwa alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), na katika mapokezi mengine imetajwa kuwa ni safari ya Tabuk. Mtume alikuwa amevaa juba la Kishami, na katika mapokezi ya Tirmidhi ni la Kirumi, nalo mikono yake ilikuwa myembamba. Alipotaka kutawadha akajaribu kuipandisha mikono ya juba, ikamkatalia kwa kubana. Basi akafanyaje? Hakupangusa juu ya nguo. Aliitoa mikono yake kwa chini ya juba, akaiosha. Kisha Mughira akainama ili amvue khuffu, Mtume akamwambia aziache, kwani alizivaa akiwa na tahara, akapangusa juu yake.

Angalia, ndugu yangu, mambo mangapi yamo katika udhu huu mmoja. Mguu ulipewa rukhsa, na mkono haukupewa, katika saa moja, kwa mtu mmoja, naye yu safarini, na nguo yambana. Lau mkono ungekuwa ni wa kupangusiwa juu ya kizuizi, hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Na rukhsa ya khuffu ina mpaka wake: mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, michana mitatu na masiku yake kwa msafiri, na haiingii katika josho la janaba. Rukhsa hukomea pale ilipowekwa, haivutwi ikafika kwenye kucha kwa kuwa kucha zimependeza. Bendeji ya jeraha nayo ni ya dharura, na rangi si jeraha.

Na katika hadithi hiyo hiyo mna jawabu ya yule mwalimu wetu. Kwani mimi nilipokwenda kwake, naye akakiri kuwa hakumuuliza mtoto, aliniambia: "Hata hivyo sheikh, rangi hizi ni kujifananisha na makafiri, na tena chanikiwiti! Ingekuwa nyekundu tungesema yafanana na hina." Nikamkumbusha lile juba. Sham siku hizo ilikuwa nchi ya Warumi, nao walikuwa Wanasara, na Mtume aliivaa nguo yao na kusafiri nayo. Lililokatazwa ni kujifananisha nao katika yaliyo ya dini yao na alama zao, na kuwafuata kwa kuona kuwa kila chao ni bora kuliko chetu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Aly Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, alituonya sana na kuwaiga Wazungu kwa upofu, na pamoja na hayo akituhimiza tuchukue kwao ilimu zenye manufaa. Hakuyachanganya mambo mawili hayo, nasi tusiyachanganye.

Ama kuhusu chanikiwiti yenyewe, Mwenyezi Mungu ameitaja kuwa ni rangi ya nguo za watu wa Peponi katika Sura ya Kahf, aya ya 31, na katika Sura ya Insan, aya ya 21. Na Abu Rimtha (r.a.) amepokea kuwa alimuona Mtume amevaa nguo mbili za kijani. Sisemi haya ili kuipa utukufu rangi ya kichupani. Nasema ili tusiharamishe kwa macho yetu. Rangi ikiwa ni haramu, na iletwe dalili; ikiwa haikutupendeza sisi wazee, hilo ni jambo letu na macho yetu.

Na kwa nini hatumpigii kelele arusi mwenye piko? Piko hii nyeusi wanayochorwa wake zetu mikononi na miguuni siku za harusi ni dawa ya kutia nywele rangi, na tumeona kwa macho yetu mikono iliyotoka malengelenge, na makovu yaliyobaki miezi. Tena ikipakwa nzito huganda ikafanya gamba, nalo ni kizuizi kama rangi ya kucha, wala haisihi josho mpaka litoke. Lakini piko tumeizoea, basi hupita mlangoni mwa msikiti bila ya kuulizwa, na kucha tano za mtoto zikainuliwa juu kama bendera.

Kuna hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), nayo yapendwa sana na wenye kutetea mapambo: mwanamke alinyosha mkono nyuma ya pazia akimpa Mtume barua, Mtume akauzuia mkono wake, akasema kuwa hajui ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke, alipoambiwa ni wa mwanamke akasema kuwa lau angekuwa mwanamke angalizibadilisha kucha zake, yaani kwa hina. Hadithi hii wanavyuoni wameizungumza isnadi yake, basi siijengei hukumu. Lakini yaonesha kuwa habari ya kucha za wanawake kutiwa rangi si jambo lililozuka jana. Ama kuonekana kwa pambo hilo na wanaume wasio maharimu, mlango huo ni mrefu, na maneno ya wanavyuoni katika tafsiri ya aya ya 31 ya Sura ya Nur ni mengi. Ajihifadhiye na macho ya watu ndiye aliye salama. Yule mtoto alikuwa katika safu ya wanawake, nyuma ya pazia, ndani ya buibui.

Sasa nizungumze na wanawake moja kwa moja, kwa kuwa hao ndio wenye haja na mas-ala haya, na mara nyingi huona haya kuuliza.

Mwenye kutaka kupaka, na apake baada ya kutawadha, na asali kwa udhu huo mpaka utakapotenguka. Ukitenguka, aiondoe kabla ya kutawadha tena. Asetoni na pamba vyatosha, kazi yake ni dakika chache. Ziko pia rangi ambazo hubanduka zote kama ganda bila ya dawa, nazo ni nyepesi zaidi kwa mwenye kusali, maadamu asiache kipande pembeni mwa ukucha. Na ajue kuwa josho la janaba na josho la hedhi ni kama udhu katika haya: likibaki tone la rangi lililokauka, josho halikutimia, na mwanamke atakuwa anasali siku nyingi bila ya tahara. Aliyetawadha juu ya rangi akisadiki maneno ya kichupa, kisha akajua kuwa maji hayakufika, katika madhehebu yetu ya Shafii azilipe zile sala, kidogo kidogo, kadiri awezavyo, bila ya kujitia katika dhiki. Kucha nazo zikatwe. Anas (r.a.) amepokea kuwa waliwekewa muda, wasiziache zaidi ya masiku 40. Uchafu mdogo ulio chini ya ukucha Imam Ghazali ameusamehe kwa haja ya watu, wengine hawakuusamehe. Lakini ukucha wa bandia uliogandishwa kwa gundi hauwezi kuingizwa katika msamaha huo, kwani umeufunika ukucha wote.

Wengine huwashauri wasichana wapake siku za hedhi peke yake, kwa kuwa siku hizo hawasali. Kifikihi ni sawa, maadamu iondolewe kabla ya josho. Lakini nilipolitaja hili, yule mtoto aliinamisha kichwa, na mamake ndiye aliyenifahamisha. Shauri hili likienea, kucha zitakuwa tangazo. Kila atakayemuona msichana na rangi, hata kakake, hata mwalimu wake wa kiume, atajua hali yake. Mimi nilikuwa nimelisema shauri hilo darasani zaidi ya mara moja, wala sikupata kulifikiri hilo. Basi asilazimishwe mtu nalo, na anayemuona mwanamke amepaka asifanye hesabu za siku zake.

Na jambo moja ambalo wakoshaji maiti wameniomba nilitaje. Hufika wakakuta maiti wa kike ana rangi kuchani, mikononi na miguuni, na jamaa wanalia, na hapana asetoni nyumbani, na duka limefungwa. Kuiondoa ni katika kumuosha. Basi wenye kazi hiyo na waiweke chupa moja katika vyombo vyao pamoja na karafuu maiti na pamba, na waifanye kazi hiyo kwa upole, bila ya kukwaruza kwa kisu, na bila ya kutoka nje wakasimulia walichokiona.

Narudi kwa mwalimu. Nisije nikamdhulumu naye kama nilivyomdhulumu mtoto: amewasomesha Qur'ani watoto wa mtaa mzima, na alichokiogopea kilikuwa ni sala. Tulizungumza muda mrefu. Nilimkumbusha habari ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (r.a.), iliyomo katika Muslim, ambaye alizungumza ndani ya sala, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja. Yeye mwenyewe asimulia kuwa sala ilipokwisha, Mtume hakumkemea wala hakumpiga wala hakumtukana. Alimfahamisha tu kuwa sala hii haifai ndani yake maneno ya watu. Na huyo alikuwa ameharibu kweli, si kama mtoto wetu. Mwalimu akaniuliza, "Mamake atanipokea nikienda?" Nikamwambia hilo silijui, na mlango waujua.

Alikwenda Ijumaa baada ya Laasiri. Sikuwapo, nami sikuuliza waliyosemezana. Najua tu kuwa yule mtoto alifungua mlango, akasimama kitambo bila ya kusema, kisha akamkaribisha ndani. Mamake anieleza kuwa siku hizi alfajiri huamka mwenyewe. Kichupa kingali juu ya kabati lake, na kando yake pana chupa ya asetoni aliyonunuliwa na mwalimu.

Wallahu aalam.